Kaye tupu, karatasi ya maswali au simu: kipi kinafaa kwa uchunguzi wa dhamiri wa kila jioni?

Mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayetaka kuchunguza dhamiri yake kila jioni anaweza kupata vifaa vitatu bila kuhangaika. Kuna karatasi ya maswali iliyopangwa kwa Amri Kumi, inayotolewa fotokopi na kugawiwa au kuuzwa kwenye parokia, hasa Kwaresima inapokaribia. Kuna kaye ya shule, yaani daftari, hii hii ya watoto, inayouzwa kuanzia Nyawera mpaka Kadutu. Na kuna programu za simu, za Biblia na za sala, zinazokukumbusha saa na kukuhesabia siku. Cha nne hakiuzwi popote, nacho ni mtu wa kukusindikiza kiroho. Nitakipima pia, kwa sababu vile vitatu vikitumika bila yeye vinaweza kumwumiza mtu mwenye moyo mwepesi.

Kipimo cha tathmini hii ni kimoja. Siku uliyoanguka vibaya, siku uliyomtukana mke wako mbele ya watoto au uliyopunja gigozi, kopo la kupimia, ya maharagwe, je, kifaa hicho kinakurudisha kwenye sala jioni ile ile, au kinakufanya uone haya na kujitenga wiki nzima? Bei, jalada na wingi wa kurasa vinakuja nyuma ya hapo. Wengi walioacha uchunguzi wa dhamiri hawakuuacha kwa uvivu. Waliuacha kwa sababu kila jioni waliketi kizimbani, wao washtakiwa, wao mashahidi, wao mahakimu, na hukumu ilikuwa imeandikwa kabla kesi haijafunguliwa. Hakuna anayeweza kurudi mahali kama pale kwa hiari yake kila siku ya Mungu.

Kazi ambayo kifaa kinatakiwa kufanya

Uchunguzi tunaoupima hapa ni ule wa Wajesuiti, shirika ambalo Bukavu inalijua kwa Koleji Alfajiri na kwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humu tarehe 29 Oktoba 1996. Una hatua tano, na mpangilio wake una maana. Unaanza kwa kumshukuru Mungu kwa mema ya siku. Pili, unaomba neema ya kuziona dhambi zako na kuziacha. Tatu, unaipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka: mawazo kwanza, kisha maneno, kisha matendo. Nne, unaomba msamaha. Tano, unaazimia kujirekebisha kwa msaada wake, na unafunga kwa Baba Yetu.

Ukiwa na robo saa, igawe hivi: dakika nne za shukrani, moja ya kuomba mwanga, tano za kuipitia siku, tatu za msamaha, mbili za azimio. Shukrani inachukua muda mwingi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu inatakiwa itaje vitu. "Nashukuru kwa yote" haihesabiki. "Nashukuru kwa mteja wa asubuhi aliyelipa deni lote" inahesabika. "Nashukuru kwa maji yaliyofika kwenye bomba saa kumi" inahesabika.

Angalia tena kwamba kuzitafuta dhambi ni hatua ya tatu. Anayeanzia hapo anaingia kwenye siku yake mikono mitupu, bila kumbukumbu ya jambo lolote alilopewa, na makosa yake yanasimama mbele yake peke yake. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa chini inatokana na kuruka hatua mbili za kwanza.

Aliyeweka mpangilio huu alijua hatari hiyo kwa mwili wake. Inyasi wa Loyola alijeruhiwa mguu kule Pamplona mwaka 1521. Mwaka uliofuata alifika Montserrat akaungama maisha yake yote kwa maandishi, kazi iliyomchukua siku tatu. Hata hivyo, alipohamia Manresa dhambi zile zile zilirudi kumsumbua: labda hii sikuitaja sawasawa, labda ile niliisahau. Aliungama tena na tena. Padri wake alimwambia asirudie ya zamani isipokuwa jambo lililo wazi kabisa, nalo shauri hilo halikumsaidia, kwani kwake yote yalionekana wazi. Alifika mahali pa kushawishika kujitupa katika shimo kubwa lililokuwa kwenye chumba chake, karibu na mahali aliposalia. Alikaa wiki nzima bila kula ili Mungu amwondolee mateso, hadi muungamishi alipomwamuru ale. Alipona pale alipokata shauri kutoungama tena jambo lolote la zamani.

Kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kiliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na ndani yake ameacha kurasa chache kuhusu wasiwasi wa dhamiri. Zinasema kwamba adui huangalia kwanza moyo wa mtu. Akiukuta mgumu, anaufanya mgumu zaidi. Akiukuta mwepesi wa kuhisi dhambi, anaufanya mwepesi kupita kiasi mpaka uone dhambi pasipo dhambi. Dawa aliyoiandika ni kwenda upande unaopingana na ule ambao adui anakusukuma, hadi ufike katikati. Kwa hiyo kifaa kimoja hakiwafai watu wote, na ukitaka kununua, anza kwa kujiuliza moyo wako uko upande gani.

Karatasi ya maswali

Karatasi hii ina kazi yake halali. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 Kanisa Katoliki linamtaka mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, na mtu aliyekaa miezi mingi bila kitubio anahitaji kitu cha kumkumbusha. Kwa kazi hiyo inafaa. Isome mara moja, siku moja kabla ya kuungama. Weka alama kwenye mambo matatu au manne yaliyo mazito kweli, kisha ikunje uiweke ndani ya kitabu cha nyimbo. Hapo imemaliza.

Tatizo linaanza mtu anapoigeuza kuwa ya kila jioni. Maswali yote yamepigwa chapa kwa herufi za ukubwa mmoja, ya kuua na ya kusinzia kwenye misa yakiwa jirani, na jicho la aliyechoka linayapa uzito mmoja. Pia maswali yote yanauliza ulikosea wapi. Hakuna hata moja linalouliza ulipewa nini. Baada ya wiki mbili za kuisoma kila usiku, mwenye moyo mgumu anaijibu kwa mazoea bila kuhisi kitu, na mwenye moyo mwepesi anaona kwamba ana hatia kwenye kila mstari. Wote wawili hawajachunguza siku yao. Wamejibu mtihani ulioandikwa na mtu asiyewajua.

Na kweli aliyeuandika hawajui. Nyingi ya karatasi hizi zinauliza kwa maneno mapana, "Je, umeiba?", na mama wa sokoni anajibu hapana akiwa na dhamiri safi, kwa sababu hakuna swali linalomgusa kwenye gigozi yenye kitako kilichobonyezwa ndani. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hakutani na swali kuhusu mgeni aliyelipishwa mara mbili kwa sababu hakujua bei ya kutoka Essence mpaka Nguba. Mshika hesabu wa likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, haulizwi kuhusu pesa ya wenzake aliyoikopa siku nne bila kuwaambia. Wakati huo huo, mwali wa miaka kumi na sita anasoma mistari tisa juu ya mawazo machafu na kulala akilia.

Ukitaka kununua moja, angalia mambo haya papo hapo mlangoni: ienee ukurasa mmoja, iwe na maswali ya kazi na pesa, na imalizike kwa sala ya kumtumainia Mungu, isikatike kwenye swali la mwisho la dhambi. Zenye sifa zote tatu ni chache.

Kaye

Hiki ndicho kifaa ninachokipendekeza, na ndicho chenye mengi ya kusema, kwa sababu uzuri wake wote unategemea namna ya kukiandika.

Tuanze na kitu chenyewe. Chagua kaye ya kurasa 48, uiache ya 96. Ukiandika mistari mitano kwa siku na kuacha mmoja mtupu, ukurasa wenye mistari 24 unabeba siku nne. Kaye ya 48 inakufikisha miezi sita na kidogo, ya 96 inapita mwaka. Mwaka ni mrefu mno. Mtu anayebeba makosa ya mwaka mzima ndani ya kaye moja hushawishika kuyafungua nyuma na kuyasoma kila anapovunjika moyo, na hapo ndipo kaye inapoanza kumla. Tafuta iliyoshonwa kwa uzi kama ipo, maana pini hushika kutu haraka kwenye unyevu wa mvua za kuanzia Septemba mpaka Mei. Andika kwa biki ya kawaida. Wino wa kalamu ya maji hutawanyika karatasi ikipata unyevu. Jioni umeme unapokatika tochi ndogo au mshumaa unatosha, na hii ni faida moja kubwa ambayo simu haina.

Ukubwa wa mfuko wa shati ni bora kuliko ule mkubwa wa darasani, kwa sababu ya siri. Nyumba zetu nyingi zina watu wengi na vyumba vichache, na mtoto anayetafuta karatasi ya hesabu atafungua chochote. Siri ya kitubio inamfunga padri, haiilindi kaye yako. Kwa hiyo usiandike majina. Tumia herufi moja au alama unayoijua mwenyewe, na kila mwezi ukiisha chana kurasa zake uzitie kwenye mbabula, jiko la makaa, wakati wa kuliwasha. Wengine wanasikitika kuchoma. Kilichotakiwa kubaki kimeshabaki kwako, na kilichosamehewa hakihitaji kumbukumbu.

Sasa namna ya kuandika. Mistari mitano inafuata hatua tano, mstari mmoja kwa kila hatua. Mfano wa siku moja ya fundi cherehani wa Kadutu ungekuwa hivi:

*Nashukuru: kitambaa cha M. kimetosha, mtoto ameamka bila homa.*
*Bwana, nionyeshe.*
*Nilimwambia mteja nguo imebaki vifungo tu, nami sijaikata.*
*Nisamehe uongo huu.*
*Kesho saa mbili nitampigia nimwambie ni Jumamosi.*

Ndiyo, inatosha. Mstari wa tatu ndio wenye hatari, na kuna aina tatu za sentensi zinazoandikwa pale. Ya kwanza ni hii ya fundi: ina mtenda, ina kitendo, ina mtendewa. Ya pili inasema: "Mimi ni mwongo, sitabadilika." Inaonekana ya unyenyekevu zaidi, na wengi wanaipenda kwa sababu inauma zaidi, lakini haina mahali pa kushika. Uongo wa saa tisa mchana unaweza kuombewa msamaha na mteja anaweza kupigiwa simu. "Mimi ni mwongo" hauwezi kuuomba msamaha, unaweza tu kuulilia, na mstari wa tano baada yake hubaki mtupu au hujazwa kiapo kikubwa ambacho kesho saa nne kimeshavunjika. Sentensi ya tatu inasema: "Nilimdanganya kwa sababu anasumbua sana." Huyo amejitetea, na hatua ya nne haina kazi tena, maana hakuna aliyekosa.

Watu wanaohofia neno kujikubali huwa wanalichanganya na sentensi hii ya tatu. Wanaona kwamba asiyejilaani anajihalalisha. Jaribu kwenye kaye uone: anayejilaani na anayejihalalisha wote wawili wanashindwa kuandika mstari wa tano. Aliyekubali kwamba yeye ndiye mtu huyu, fundi mwenye deni la nguo sita na ulimi unaoteleza anapoogopa wateja, na kwamba Mungu anamjua hivyo na hajamwacha, ndiye anayeweza kuandika saa na herufi ya anayepaswa kupigiwa. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anasema kwamba moyo wetu unapotuhukumu Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu. Paulo anawaambia Wakorinto kwamba hajihukumu hata yeye mwenyewe. Maneno haya hayakuandikwa na watu waliodharau dhambi.

Basi kanuni za mstari wa tatu ni hizi. Tumia kitenzi cha wakati uliopita. Usitumie neno la sifa juu yako mwenyewe, baya wala jema. Neno "kwa sababu" likija, likate, isipokuwa sababu ile inabadilisha kesho. "Nilimfokea mtoto, sijala tangu asubuhi" ibaki, kwa sababu dawa yake ni kula saa sita, na mtu anayejua hivyo amepata msaada wa kweli. Ni vizuri pia kuandika saa. Baada ya wiki tatu utaona kwamba ukali wako mwingi unakaa kwenye saa zile zile, mara nyingi jioni kabla ya chakula au baada ya simu ya mtu fulani, na jambo linalojulikana saa yake linaweza kuandaliwa.

Usiandike zaidi ya mambo mawili kwa siku kwenye mstari huo. Inyasi aliwaandikia watu waipitie siku yote, ni kweli, lakini kupitia ni kwa macho ya moyo, kuandika ni kwa kuchagua. Anayeandika kumi na moja hataombea msamaha hata moja kwa utulivu.

Kuna pia matumizi ya pili ya kaye: nukta. Hapa unachagua kosa moja tu, labda kusengenya, na kila siku unachora mistari miwili, wa mchana na wa jioni. Asubuhi unaazimia. Baada ya chakula cha mchana unahesabu mara ulizoanguka na kuweka nukta kwenye mstari wa kwanza, na baada ya chakula cha jioni kwenye wa pili. Kila unapoanguka katikati ya siku unaweka mkono kifuani kwa majuto, jambo linaloweza kufanyika hata mbele ya watu bila kuonekana. Kisha unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, wiki na wiki.

Ni njia nzuri, na ndiyo inayoharibika upesi kuliko zote. Kosa la kwanza ni kuchukua makosa matatu kwa pamoja. La pili ni kuogopa wiki ya pili. Wiki hiyo nukta huongezeka, karibu kila mara, na anayeanza hudhani amekuwa mbaya zaidi tangu aanze kusali. Kilichoongezeka ni kuona. Masengenyo yaliyokuwa yakipita bila kusikika sasa yanasikika yakiwa bado mdomoni. Usitoe hukumu yoyote juu ya nukta kabla ya wiki ya nne. La tatu ni siku za ukavu, sala inapokuwa nzito na Mungu anaonekana yuko mbali: mtu anabadilisha kila kitu, anaongeza kufunga, anaacha kosa lile na kuchukua jingine. Kanuni ya zamani ya mazoezi haya inakataza kabisa kubadilisha uamuzi wakati wa ukavu. Endelea na lile lile, refusha sala kidogo, subiri.

Mwenye wasiwasi wa dhamiri asitumie nukta kabisa. Kwake mstari wa kwanza, ule wa shukrani, uwe mitatu, na wa tatu uwe nusu.

Simu

Programu nyingi za Biblia zinapatikana bure. YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, ina Biblia za Kiswahili, na baadhi ya matoleo yanaweza kupakuliwa ili yasomwe bila mtandao. Kwa kusoma zaburi kabla ya uchunguzi, simu inafaa sana. Kwa kupima robo saa, inafaa vilevile.

Haifai kwa kuhesabu uaminifu wako. Programu zinazohesabu mfululizo wa siku zinahesabu siku ulizoifungua, na kufungua hakufanani na kusali. Mtu anaweza kuigusa saa tano na dakika hamsini usiku, akasoma aya bila kuielewa, na mfululizo wake ukaendelea. Mwingine amesali saa nzima kwenye giza, betri imeisha tangu mchana kwa sababu umeme haukurudi, na kesho anakuta sifuri. Sifuri ile inamwambia jambo la uongo kuhusu jana yake, na tena kwa sura ya hesabu, ambayo ni vigumu kubishana nayo. Kinachofuata tunakiona mara nyingi: aliyefika siku ya sitini akapoteza, harudi kesho yake kuanza moja. Anaifuta programu.

Katika maisha ya sala hakuna mahali pa kuanza tena kwenye sifuri. Siku sitini zile zilisaliwa. Ukikosa jioni moja, asubuhi chukua dakika tano upitie siku ya jana, kisha endelea na leo kana kwamba hukukosa. Zikipita tatu usizifidie, anza na ya leo.

Kama simu ndiyo unayo tu, zima ujumbe wa kukumbusha na zima hesabu ya siku kama mipangilio inaruhusu. Weka modi ya ndege kabla ya kuanza, weka saa ya dakika kumi na tano yenye mlio mpole, na igeuze kifudifudi. Usiandike makosa yako ndani yake, hasa simu inayotumiwa na watu wawili au inayopelekwa kwa fundi.

Mtu wa kukusindikiza

Huduma hii inatolewa na mapadri, watawa na baadhi ya walei waliofundishwa, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano. Sio kitubio, ingawa padri yule yule anaweza kufanya yote mawili kwa nyakati tofauti. Msomaji wa kanisa la Kiprotestanti anaweza kuitafuta kwa mchungaji au mzee wa kanisa, na zile hatua tano anaweza kuzitumia zote, kwani hakuna inayohitaji padri. Waislamu nao wana muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake, na walimu wao wanaujua vizuri wasiwasi wa yule anayerudia udhu mara nyingi kwa kudhani haukutimia.

Msindikizaji mzuri unamtambua kikao cha kwanza. Anauliza kwanza umepokea nini mwezi huu, ndipo aulize ulipokwama. Anasikiliza kuliko kusema. Haombi kuiona kaye yako. Unamsomea unachotaka mwenyewe. Ukiwa kwenye ukavu anakuwa mpole na kukutia nguvu, kama mazoezi yenyewe yanavyomwagiza anayeyaongoza, na hakuongezei mzigo. Hakuahidi kwamba kosa fulani litaisha kwa tarehe fulani. Anayekutisha na moto kila mara unapomweleza udhaifu, au anayegeuza kila udhaifu kuwa pepo la kutolewa kwa mkesha na sadaka, mshukuru kwa heshima na utafute mwingine. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa dhamiri, mikesha ya namna hiyo inazidisha ugonjwa: anatoka amechoka, hajalala, na usiku wa pili wazo likirudi anaamini kwamba hata pepo limemshinda Mungu.

Kuna dalili ambazo msindikizaji mwenyewe anatakiwa kuzijua, na ndugu wa nyumbani pia. Mtu anaungama dhambi ile ile iliyosamehewa, wiki kwa wiki. Anarudia sala tangu mwanzo kwa sababu neno moja halikutamkwa vizuri. Anauliza watu watatu swali moja kama ni dhambi, na jibu linamtuliza saa moja tu. Anaacha komunyo kwa miezi bila kosa zito. Uchunguzi wake unachukua saa nzima au mbili. Kwa mtu huyu kwanza uchunguzi upunguzwe hadi dakika tano, shukrani na Baba Yetu tu, awe na muungamishi mmoja peke yake, na akubali neno la huyo hata moyo ukikataa. Dalili zikiendelea, au zikigusa usingizi, chakula na kazi, apelekwe kwa daktari wa akili. Bukavu ina kituo cha SOSAME kinachohudumia magonjwa ya akili, na kwenda huko hakupunguzi imani ya mtu. Akitaja kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake njiani.

Kuhusu malipo: kusindikizwa kwa kawaida hakuna bei. Mafungo ya siku tatu yana gharama za chakula na kitanda, na hizo ni haki. Kabla ya kutoa pesa uliza mambo matatu: kila mshiriki atapata muda wa faragha na kiongozi kila siku, au mafundisho ya pamoja tu? Kimya kinaheshimiwa hata wakati wa kula? Na asiyeweza kulala nje ya nyumba, mama mwenye mtoto mchanga au mlinzi wa usiku, anaweza kufanya mazoezi hayo hayo kidogo kidogo nyumbani, saa moja na nusu kwa siku, huku akikutana na kiongozi kila wiki? Mpango huo wa nyumbani umo ndani ya mazoezi yenyewe tangu mwanzo, uliwekwa kwa ajili ya watu wenye shughuli, na nyumba ya mafungo inayoujua itakujibu bila kusitasita.